Kusikiliza Nyundo Saba kwa Taya

Asubuhi moja ya Februari mume wangu aliniuliza kama nimemchinja jogoo wetu, kwa maana alikuwa hajamsikia siku nyingi. Jogoo alikuwa amesimama dirishani nyuma yake, akiwika mpaka shingo imenyooka kama mwiko. Nilimwambia Levi kwamba jogoo ana mafua. Nafikiri nilitaka apate siku moja zaidi ya kutojua.

Siku hiyo moja ikawa wiki tatu, halafu tukaenda kwa daktari wa masikio hapa Kitale. Alikuwa kijana mpole. Kila swali aliliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ili Levi asipigiwe kelele mbele ya wagonjwa wengine. Alitueleza kwamba ndani ya sikio kuna mfupa mdogo sana unaocheza sauti inapoingia, na wa Levi umeganda. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia liko njiani. Upasuaji ungeweza kusaidia, lakini moyo wa Levi haukufaa kulazwa kwa dawa ya usingizi. Akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kifaa kilimpigia filimbi kila siku kutwa nzima, hadi jioni moja ya Juni akakitia kwenye kopo la misumari.

Jioni hiyo tulikuwa tunakula.

"Mama Nabwile," alisema, "mimi nimesikia mengi, silalamiki. Nataka kitu kimoja tu. Nisikie Nyundo Saba mara moja tena, mwanzo hadi mwisho, kabla hili la kulia halijafungwa."

Nilibaki na kijiko mkononi. Jina hilo lilikuwa halijatajwa nyumbani kwetu tangu watoto wakiwa wadogo.

Nyundo Saba ni kanda ya muziki. Ilitoka mwaka wa 1984, mwaka ule wa njaa na mahindi ya njano ya msaada, na walioitoa ni vijana watatu wa hapa Kitale waliojiita Fuawe, kwa jina la kile chuma cha kufulia vyuma. Levi alipiga gitaa na kuimba. Mbogo, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba Saboti, alipiga ngoma. Kemboi alipiga gitaa la besi. Mchana walikuwa wakifua majembe na kuchomelea matrela katika karakana moja, na kazi ikiisha walisogeza vyuma kando wakapiga muziki pale pale. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa amerudi kwao na kuwaachia kanda za ule muziki mzito wa magitaa yanayonguruma. Walipousikia walisema huu ndio unaofanana na kazi yetu. Hakuna aliyewafundisha. Levi alitengeneza amplifaya kutokana na redio kuukuu ya kanisa.

Mimi nilikuwa nimeolewa miaka miwili, Nabwile wetu akiwa mgongoni, na kila jioni nilikuwa nawapelekea uji. Mwanzoni muziki ule uliniumiza kichwa. Lakini niliona jambo moja. Mmoja wao akichelewa, wale wengine wawili walipunguza mwendo na kumngoja, halafu wakaondoka pamoja. Mbogo alikuwa na mahali pake pa kuchelewa, katikati ya wimbo wa tatu, na hakuwahi kupaweza. Hata siku ya kurekodi alichelewa, wakamngoja, na ukisikiliza kanda utasikia wanamngoja. Kwa sababu hiyo niliupenda muziki wao.

Nyimbo zilikuwa saba, kwa ajili ya nyundo saba zilizoning'inia ukutani. Wimbo wa kwanza ulianza kwa chinyimba. Kwetu Bungoma kijana anayeingia tohara huzunguka kwa jamaa zake akiwaalika, na mikononi hubeba kengele hizo za chuma, anazigonga kwenye vikuku mpaka mlima mzima unajua anakuja. Levi alitumia zile zile alizozunguka nazo mwaka wa 1972, alizoazimwa na mjomba wake Wakoli wa Chwele. Hakumuuliza mjomba. Alidhani ni zake.

Kanda ilipotoka aliipeleka Chwele siku ya soko. Alimwomba muuza dawa ya panya kipaza sauti chake, akaweka wimbo wa kwanza. Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa tohara. Chinyimba zilipolia, kina mama waliacha vitunguu vyao wakasimama. Mmoja alitoka nyumbani kwake nyuma ya soko akiwa na kuku kwapani na machozi machoni, akitazama huku na huku kutafuta ni mtoto wa nani. Hapo ndipo magitaa yakaingia. Ilikuwa kama trekta limepanda juu ya mabati. Mbuzi wa mnadani walikata kamba, wachuuzi wakawafukuza mpaka barabara ya Kimilili, na yule mama akabaki amesimama na kuku wake.

Jioni mzee Wakoli alikuja. Hakupiga kelele. Alichukua chinyimba akazifunga katika kitambaa.

"Umeita watu," alimwambia Levi, "na hakuna anayeitiwa. Sasa nani atawajibu?"

Kanda iliuzwa kidogo Kitale, kidogo Eldoret, halafu ikanyamaza. Kemboi alienda kuendesha lori njia ya Suam na akafariki mwaka wa 1999. Levi aliweka gitaa juu ya dari. Kanda yetu tulimwazima jirani, jirani akahama nayo. Kwa hiyo Levi aliposema anataka kuisikia, sikujua nianzie wapi, nikampigia simu Mbogo.

Mbogo alikuja kesho yake kwa pikipiki kutoka Saboti, ana umri wa miaka sitini na minane, mkono mmoja umeshika sweta kifuani. Ndani ya sweta kulikuwa na mkebe wa majani ya chai, na ndani ya mkebe kanda.

"Shemeji, hii nimeificha sana," aliniambia. "Mke wangu Wangechi amekuwa akiitafuta miaka yote. Ati anataka kuufunga utepe wake kwa mtama ufukuze ndege."

"Ingewafukuza kweli," nilisema.

"Hiyo ndio naogopa. Wangehama na mtama."

Niliazima redio ya kaseti kwa mama muuza nguo. Levi alivaa shati la Jumapili. Aliketi kwenye kigoda, akaweka sikio la kulia karibu na spika, akafumba macho. Mbogo akabonyeza. Mimi nilisikia chinyimba, kisha magitaa, kisha sauti ya mume wangu akiwa na miaka ishirini na sita, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa kali na haina woga. Levi aliketi akitikisa kichwa, kidole kikigonga goti.

Katikati ya wimbo wa pili kanda ilikwama. Magurudumu yalisimama na nyumba ikawa kimya. Levi aliendelea kutikisa kichwa.

"Tamu," alisema kwa sauti kubwa. "Mbogo, bado ni tamu."

Mbogo alinitazama. Halafu mzee huyo akaanza naye kutikisa kichwa, akapiga goti lake taratibu sawasawa na kidole cha Levi, mpaka wimbo ambao haukuwepo ukaisha. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Mbogo alipoaga aliniomba nisimwambie Levi kwamba kanda imekwama. Alipokwenda, Levi alikuja akasimama karibu nami.

"Ilikwama, sivyo? Nilimwona anakutazama." Nilitikisa kichwa kukubali. "Sikusikia hata mwanzo. Hili la kulia limeshafungwa. Usimwambie Mbogo, ametoka mbali."

Basi nikawa na wanaume wawili, kila mmoja ananiomba nisimwambie mwenzake. Lakini lile alilotaka Levi lilikuwa limempita, na tuliona sote wawili kwamba limempita. Siku zile alikula kidogo. Alikwenda karakana asubuhi, akarudi jioni, akalala uso ukutani.

Sasa lazima niseme jinsi Levi anavyofanya kazi. Mafundi wengine wakimaliza kuchomelea hutazama kwa macho kama chuma kimeshikana. Levi hugonga kwa nyundo ndogo, kisha huinama na kuweka taya lake juu ya chuma, anangoja, anagonga tena. Amefanya hivyo tangu ujana. Watu wamemcheka kwamba anaonekana kama mbuzi anayelamba chumvi. Lakini hakuna lango lake hata moja lililowahi kurudishwa.

Wiki mbili baada ya kanda kukwama nilimpelekea chai karakana. Alikuwa anatengeneza lango kubwa la shule, urefu wa mita nne, limelazwa juu ya vigingi. Mbugua, fundi anayefanya kazi naye, alikuwa upande wa mbali akipiga bawaba kwa nyundo. Levi alikuwa upande wa huku, ameweka taya kwenye chuma, amempa Mbugua mgongo.

"Mbugua, wacha," alisema bila kugeuka. "Hapo chini kuna ufa. Nasikia inalia kama sufuria."

Mbugua alichungulia. "Uko, mzee. Mdogo kama unywele."

Wote wawili waliendelea na kazi, hawakuona lolote la ajabu. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya chai. Nilisema moyoni, amesema anasikia.

Nilichukua kijiko cha sukari, nikaenda hadi mwisho wa lango nyuma ya mgongo wake, nikagonga. Sikugonga ovyo. Niligonga jinsi chinyimba zinavyolia mwanzo wa wimbo wa kwanza, mbili polepole, tatu haraka, mbili polepole. Nilikuwa nimeuchosha wimbo huo kwa kuugonga nikiosha vyombo miaka arobaini bila mtu kujua.

Levi aliinua kichwa. Akageuka. Akatazama Mbugua, akanitazama mimi na kijiko changu.

"Nani amepiga hiyo?"

Nilikinyanyua kijiko. Alirudisha taya haraka kwenye chuma kama mtu anayeogopa maji yatakatika kabla hajajaza ndoo. "Rudia, Mama Nabwile," alisema. Nilirudia mpaka chai ikapoa.

Siku hiyo hiyo nilimpigia simu mjukuu wetu Phelista. Ana miaka ishirini na mitatu, anatengeneza simu Bungoma mjini, na anapiga gitaa na rafiki yake Cherop muziki ule ule wa kunguruma. Sisi tulidhani ameutoa Nairobi. Alikuwa ameshachukua kwetu ile kanda iliyokwama aisafishe.

"Kukhu," aliniambia, "kwani nyinyi ni watu gani? Hii kanda watu wanaitafuta kama dhahabu. Nyimbo mbili tu ndizo zimebaki kwa simu za watu, na zinasikika kama mtu anakaanga mahindi. Nimekuwa nikizipiga miaka mitatu. Ati huyo Levi ni Kuka wangu, na mmekaa tu, bana."

"Hakuna aliyeuliza," nilisema.

Nilimweleza habari za taya na kijiko. Alisema kanda imechoka, sauti yake ni nyembamba, haitafika ndani ya mfupa. Chuma kinataka nguvu. "Tutaipiga wenyewe, Kukhu. Yote saba. Tufunge spika kwa hilo lango."

Mbogo alikubali kabla sijamaliza kusema. Ngoma zake zilikuwa zimebaki pipa moja, lakini Cherop alipata za kuazima. Kilichokosekana ni chinyimba. Phelista alisema anaweza kuzitafuta kwenye simu, mlio wa kengele yoyote. Nilimwambia hapana. Nilimpa jogoo, yule yule wa dirishani, nikamtuma Chwele kwa Barasa, mtoto wa mzee Wakoli, anayeziweka sasa. Aliniambia baadaye jinsi Barasa alivyompokea. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamkatia muwa, akafikiri.

"Baba aliacha neno," alisema Barasa. "Zikipigwa lazima kuwe na anayeitiwa watu. Hizi si za kuchezea. Sasa, wewe unasema huyo mzee wenu hasikii?"

"Hasikii, Mjomba. Ila kwa chuma."

"Basi anayeitiwa si ni yeye? Nitakuja nazo mimi mwenyewe. Na huyo jogoo rudi naye, ni mzee kuliko mimi."

Aliyekataa alikuwa Levi. Nilipomwandikia kwa chaki juu ya chuma mpango wote, alisoma, akafuta kwa mkono.

"Niiname mbele ya watu kama mbuzi? Na nisiposikia? Pale nyumbani nilimdanganya mtu mmoja. Mnataka nidanganye karakana nzima."

Sikumlaumu. Kutokusikia peke yako ni jambo moja, na kutokusikia watu wakikutazama usoni ni jingine. Alitengeneza bawaba mbili, mimi nimeketi. Halafu nilichukua chaki nikaandika: Mbogo anafanya mazoezi kila siku wiki tatu. Ametoka mbali.

Alisoma. Alianza kucheka kidogo kidogo, mabega yakitikisika. "Umeniweza," alisema.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Agosti, mchana. Mbugua aliamka mapema akalipaka lango rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kwa heshima ya wageni, alisema, maana haifai mtu kusikiliza muziki kwenye chuma uchi. Spika nne zilifungwa kwa waya zikiangalia chuma. Asubuhi walifika vijana watatu kutoka Nairobi waliosikia habari kwa Phelista wakasafiri kwa basi usiku kucha, wamevaa nguo nyeusi tupu kutoka shingoni hadi miguuni. Nilidhani wamefiwa. Niliwashika mikono nikawapa pole, nao wakaipokea kwa heshima zote, wakanishukuru. Mpaka leo nawakumbuka kwa hilo.

Barasa alikuja na chinyimba katika kitambaa kile kile cha babake. Mbogo aliketi nyuma ya ngoma, miwani imefungwa kwa uzi kichwani. Phelista na Cherop walisimama na magitaa. Mahali pa Kemboi, karibu na Cherop, Mbogo alikuwa ameweka kofia ya zamani ya dereva juu ya kigoda.

Rangi ilikuwa bado mbichi. Levi alipoinama, nilikimbia na kitambaa changu cha kichwa nikakikunja, nikakiweka chini ya taya lake asichafuke. Barasa akanyanyua mikono mbele ya kipaza sauti, akagonga. Mbili polepole, tatu haraka, mbili polepole. Sisi sote tulisikia. Kundi zima la kuku wa jirani lilikimbia.

Uso wa Levi haukubadilika. Macho yake yalinitafuta, na niliona anaanza kutikisa kichwa. Ni kule kutikisa kichwa kwa siku ya kanda. Alikuwa anajiandaa kutudanganya kwa upole wake.

Nilitazama lango, nikatazama spika, kila kitu kilikuwa sawa. Halafu nikaona kitambaa changu. Nilikuwa nimemziba kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikivuta. Levi alishtuka, taya likatua kwenye rangi mbichi, na Barasa, ambaye hakuwa ameacha kugonga, akagonga tena.

Levi aliacha kutikisa kichwa. Macho yakamtoka, kisha yakafumba, na mikono yote miwili ikashika chuma. Mdomo wake ukahesabu bila sauti, mbili, tatu, mbili. Ndipo magitaa yakaingia, Mbogo akashuka juu ya ngoma, na lango lote la mita nne likaanza kutetemeka. Machozi yalimtoka mume wangu yakachanganyika na rangi. Sikuyafuta. Nilikuwa nimejifunza kuweka vitambaa vyangu mbali.

Wimbo wa kwanza haukuwa umeisha nilipoona watu mlangoni. Upande ule wa mji wanaishi watu wengi wa Bungoma, na walikuwa wamesikia chinyimba mwezi wa Agosti, mwaka wa tohara. Kina mama walikuja na leso viunoni, mmoja na birika la maziwa, mmoja na kuku. Mbele yao alikuwa mama mzee, mfupi, anatembelea fimbo. Alipaza sauti juu ya magitaa.

"Mtoto yuko wapi? Ni wa nani?"

Miaka arobaini iliyopita swali hilo halikuwa na wa kulijibu. Nilimshika mkono nikampeleka mpaka langoni.

"Ni huyu," nilimwambia.

Alimtazama Levi, mvi, kipara, uso mwekundu wa rangi. "Huyu? Si huyu alitahiriwa zamani?"

"Alitahiriwa, Mama. Leo anafunguliwa masikio."

Alifikiri kidogo juu ya jambo hilo. Kisha akampa Mbugua fimbo yake, akapiga kigelegele kirefu, akaanza kucheza, na wale wengine wakamfuata. Wale vijana wa nguo nyeusi wa Nairobi walikuwa wakitikisa vichwa mpaka nywele zinaruka, kina mama wakitikisa mabega, na hakuna aliyemwona mwenzake wa ajabu.

Wimbo wa pili ulipita. Wa tatu ukaanza. Kufika katikati, Levi aliinua mkono juu. "Simama. Simama kwanza."

Muziki ulikatika. Nilidhani sauti imempotea.

Levi alimtazama Mbogo juu ya lango. "Mbogo," alisema, "mbona hujachelewa?"

Mbogo alivua miwani. Akaonyesha vijiti vyake. Phelista aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipokuwa akifanya mazoezi wiki zote tatu, kuliko mahali pengine popote. Miaka arobaini alikuwa na aibu ya mahali hapo, na siku hiyo alikuwa amepapita sawasawa.

"Hapo huwa unachelewa," alisema Levi, "na sisi tunakungoja. Ndivyo wimbo ulivyo. Usiniharibie. Anza tena."

Mbogo alicheka hadi akashika tumbo. "Amesikia," alituambia sisi sote, kana kwamba tulikuwa hatujui. "Jamani, huyu mtu amesikia."

Walianza tena. Mbogo alichelewa. Phelista na Cherop, ambao walikuwa hawajazaliwa kanda hiyo ilipotoka, walipunguza mwendo wakamngoja, halafu wakaondoka pamoja, na nikasikia kwa masikio yangu Fuawe wale wa karakana niliyoipelekea uji.

Kabla ya wimbo wa saba Levi aliomba gitaa lake. Mbugua alikuwa ameliteremsha kutoka darini wiki iliyopita akalitia nyuzi mpya bila kuagizwa na mtu. Levi aliegemeza kichwa cha gitaa kwenye lango, taya kwenye chuma, akapiga akiwa ameinama hivyo. Aliimba pia. Sauti haikuwa ile ya kanda, ilikuwa imekwaruzika na imekuwa nzito, na mahali pa juu hakupafikia. Kina mama walipafikia kwa niaba yake. Ule wimbo uliisha kwa mapigo saba, na la mwisho Levi alilipiga kwa nyundo, juu ya lango lenyewe. Lililia muda mrefu. Aliliwekea taya mpaka likanyamaza kabisa, ndipo akasimama wima.

"Huo," alisema, "sasa nimeusikia."

Phelista aliirekodi yote, na nasikia watu wanaisikiliza mpaka nchi ambazo siwezi kuzitaja. Lango lilikwenda shuleni na alama ya taya upande wa kulia. Mbugua alitaka kuipaka rangi juu, mwalimu mkuu alipoelezwa akasema waiache. Ile rangi ni ngumu. Levi alioga mara tatu na bado mstari mwekundu ulibaki shavuni, na Jumapili akaenda nao kanisani.

Viti vya kanisa letu ni vya chuma, Levi aliviunda mwenyewe miaka mingi iliyopita. Tangu Februari amekuwa akiketi humo kama mtu anayengoja gari. Jumapili hiyo watu waliposimama kuimba, yeye hakusimama. Aliinama polepole, akaweka taya juu ya mgongo wa kiti kilicho mbele yetu, walichokuwa wamekalia kina Mbugua. Mbugua aligeuka akaona. Akamgusa mke wake, mke akamgusa wa pembeni, na mstari mzima wa mbele yetu ukarudisha mikono nyuma ukashika chuma cha kiti hicho kwa nguvu ukaimba kwa sauti kubwa zaidi, mpaka nikahisi kikitetemeka chini ya vidole vyangu.

Levi alianza kuimba nao. Alikuwa amechelewa kidogo. Wakamngoja.